Donatille na Mazoezi ya Pilato

Mwaka tumbaku ilipokubali sana Litapunga, ndio mwaka mgongo wa Donatille ulipokataa. Ilikuwa tisini na moja. Alikuwa amejitwika robota la majani makavu akilitoa kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, kulipeleka barabarani, trekta la chama cha ushirika lilikuwa linangojewa, mara akasikia kitu kimemchomoka kiunoni. Robota likaangukia huku, yeye akaangukia kule. Alipoinuliwa aliinuka nusu tu. Nusu ya juu ilibaki inatazama ardhi.

Wakati huo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini, mke wa Egide, mama wa binti mmoja aliyeitwa Ernestine. Kubeba mizigo hakukuwa kitu kigeni kwake. Alikuwa na miaka kumi na moja walipokimbia Burundi, yeye na mama yake Spès, na njia yote mpaka kuvuka mpaka alibeba sufuria kichwani na mdogo wake mgongoni. Mdogo mwenyewe hakufika. Walipopewa eneo Litapunga, kwenye makazi ya wakimbizi, wakafyeka msitu, wakalima mihogo, baadaye tumbaku, na Donatille akaendelea kubeba: kuni, maji, marobota, mtoto. Kumhusu baba yake alijua habari moja tu, ile aliyoambiwa na mama yake tangu utotoni, kwamba alishikwa na homa kabla hawajaondoka, akafa, akazikwa nyumbani.

Walimkanda kwa majani ya moto. Wakamwombea. Akabaki amejikunja vile vile, anapika amejikunja, anasalimiana na wageni huku akitazama miguu yao. Egide alikuwa mume mwema siku zile, na ni haki jambo hilo lisemwe mapema, maana mbele huko kuna mengine. Ni yeye aliyehangaika kuomba kibali cha kutoka makazini, akafunga mto wa nguo kwenye keria ya baiskeli, akampandisha mkewe, akaisukuma baiskeli kwa mguu hadi Mpanda mjini ili asimtikise kwenye makorongo.

Misheni moja hapo mjini ilikuwa na chumba cha mazoezi ya viungo. Chumba chenyewe kilikuwa cheupe, kitupu, kina mikeka chini na kioo kirefu ukutani. Mwenye chumba alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, mwembamba, nywele amezikata kama mwanamume. Alitembea peku.

"Unaumwa wapi?" akauliza.

"Mwili wote, Sista."

"Mimi si sista. Mimi Lisbeti." Akapiga magoti ili waonane uso kwa uso, maana Donatille hakuweza kuinua kichwa. Akamwekea viganja mbavuni, huku na huku, akazisikiliza. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alichosema siku hiyo Donatille hakukisahau. "Mama, wewe hupumui. Wewe umeshika pumzi. Umeshika tangu lini?"

Donatille alifungua mdomo amjibu kwamba anapumua kama watu wote. Badala ya maneno kikatoka kilio, na hakujua kimetoka wapi.

Akabaki misheni msimu mzima wa kiangazi. Wagonjwa wa mbali walilala kwenye banda la nyuma, na Egide alimletea unga kila alipopata kibali. Mama Lisbeti hakumpa dawa wala sindano. Alimlaza ubavu kwanza, halafu, wiki zilivyokwenda, akamlaza chali, magoti juu, nyayo chini. Akamfundisha kuvuta hewa mpaka mbavu zifunguke nyuma, kwenye mgongo, mahali ambapo Donatille hakujua kama hewa hufika. Akamfundisha kuitoa polepole huku tumbo likizama, halafu kuinua kiuno pingili moja moja ya uti wa mgongo, na kukishusha pingili moja moja, bila haraka, akisikiliza kila mfupa unapogusa mkeka.

"Usifanye kwa nguvu," Mama Lisbeti alizoea kusema. "Fanya kwa akili. Uko wapi sasa hivi?"

"Niko hapa."

"Hapa wapi?"

"Kwenye kiuno."

"Haya. Kaa hapo hapo."

Lilikuwa jambo dogo, lakini kwa mtu aliyelelewa kuutumia mwili kama toroli, kuambiwa akae kwenye kiuno chake mwenyewe na kukisikiliza kilikuwa kitu kipya kabisa. Siku alipoinuka mkekani akasimama mbele ya kile kioo amenyooka, hakucheka wala hakulia. Alijitazama tu. Alikuwa mrefu kuliko alivyodhani.

Hakutaka kurudi nyumbani akaishia hapo. Alimwomba Mama Lisbeti amfundishe kufundisha, na yule mama, ambaye kumbe alikuwa anazeeka na anatafuta mtu, akakubali. Tangu mwaka uliofuata Donatille akawa anakuja mjini kila alipopata kibali, anawashika wagonjwa mbavuni kama alivyoshikwa yeye. Siku moja akauliza mazoezi haya yanaitwaje.

"Pilates," akasema Mama Lisbeti. "Ni jina la Mjerumani mmoja wa zamani. Yeye ndiye alianzisha."

Donatille alilibeba jina hilo hadi Litapunga kama zawadi. Hakujua amebeba nini.

Bani la Egide lilikuwa tupu nje ya msimu wa kukausha tumbaku. Donatille akalifagia, akatandika mikeka aliyosuka mwenyewe, akaanza na mtu mmoja, jirani yake Libérate. Huyu alikuwa na aibu yake ya siri. Tangu uzazi wa mwisho mkojo ulikuwa unamtoka akikohoa, akicheka, akiinua ndoo. Kanisani alikaa mlangoni ili awahi kutoka. Donatille akamwonyesha ile misuli ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuwatajia wanawake wale kuwa wanayo, akamfundisha kuikaza na kuilegeza pamoja na pumzi. Miezi ikapita. Jumapili moja Libérate akaingia kanisani, akaupita mlango, akaipita safu ya kati, akaenda kukaa mbele kabisa, akaimba kwa sauti. Wanawake wakatazamana. Walikuwa wanamjua.

Jumatano iliyofuata bani lilijaa.

Donatille alikuja kusema baadaye kwamba hakuwahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya harusi. Alfajiri ya kila Jumatano aliamka mwili umechangamka. Alipokuwa analima alikuwa anapanga kichwani: fulani bega lake limepanda, fulani anakanyagia mguu mmoja. Mchana ukifika wanawake walivua kanga za kichwani, wakaacha majembe nje, wakaingia kwenye lile giza la bani lenye harufu ya moshi wa zamani, na yeye akawapitia mmoja mmoja, mkono mgongoni, anasema kwa sauti ya chini, "Hapo. Kaa hapo." Alikuwa ameipata kazi yake. Watu wengi Litapunga walifanya kazi maisha yao yote wasiwe nayo.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Kila alipowaambia walale chali na kufumba macho, wale wakubwa kiumri walishindwa. Walilala macho wazi wakitazama dari, vidole vimekamata mkeka. Siku moja mama mmoja, Eufrazia, alisimama ghafla, akakimbilia nje, akatapika kwenye mihogo. Donatille akamfuata.

"Nimekuumiza, mama?"

"Wewe hujaniumiza," Eufrazia akasema, akijifuta mdomo. "Kamuulize mama yako."

Bibi Spès alikuwa anaishi kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya binti yake. Mgongo wake ulikuwa mbaya kuliko ulivyowahi kuwa wa Donatille, umepinda pale katikati kama mpini wa jembe la kienyeji, na tangu mwanzo Donatille alikuwa akimbembeleza aje bani. Kila mara alikataa bila sababu. Jioni hiyo Donatille alimkuta anapepeta maharage.

"Mama, kwa nini hutaki nikusaidie?"

"Mimi silali chini mchana."

"Ni kidogo tu. Nakushika mimi mwenyewe."

"Nimesema silali chini."

"Eufrazia ametapika leo. Ameniambia nikuulize wewe."

Ungo ukasimama. Bibi Spès akaanza kusema kwa Kirundi, sauti ya kawaida, kama anayeeleza njia ya kwenda kisimani.

"Baba yako hakufa kwa homa, *mwana wanje*, mwanangu. Walikuja wale askari mchana, wakawatoa wanaume wote kwenye uwanja wa shule. *Nimuryame hasi*, wakawaambia. Laleni chini. Chali, tena wafumbe macho. Baba yako alikuwa mtu mtii, alikuwa mwalimu, akalala wa kwanza ili wengine wasiogope. Mimi nilikuwa kwenye migomba. Nilikuwa namwona tumbo linavyopanda na kushuka. Linapanda, linashuka. Halafu wakapita na yale marungu."

Akarudia kupepeta.

"Sasa wewe," akasema, "kila Jumatano nasikia sauti yako kutoka kwenye bani. Laleni chali. Fumbeni macho. Pumueni. Mtoto wake mwenyewe. Na unaniambia umepata kazi inayokupa raha."

Donatille alitaka kusema hakujua, lakini kutojua hakukuwa na maana yoyote pale mbele ya yule mama na ungo wake. Mwishowe akauliza swali la kijinga. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ili angalau mmoja wetu awe analala."

Jumatano iliyofuata hakufungua bani. Na iliyofuata pia. Libérate alikuja kumwuliza kama anaumwa, na Donatille akamweleza yote. Libérate alikuwa mdogo, amezaliwa karibu na ile safari ya kukimbia, lakini alisema, "Hilo sisi wote tunalijua. Kila nyumba inalijua. Wewe unafikiri wanakuja kwako kwa sababu ya kiuno?"

Donatille akalifungua bani tena, lakini kwa namna nyingine. Hakumlaza mtu. Aliwasimamisha ukutani, migongo imegusa matofali, macho wazi, nyuso zinatazama mlangoni, na mlango wenyewe akauacha wazi ili kila mmoja aone ni nani anayekuja. Pumzi ile ile, pingili zile zile, ila wima. Aliyetaka kulala alilala, na aliyelala alilala ubavu, na Libérate alikaa mlangoni kama mlinzi. Alipomsimulia Mama Lisbeti mjini, yule mama akavua miwani, akasema, "Hiyo mimi sikufundishwa." Tangu siku hiyo na yeye akaacha mlango wa chumba chake wazi.

Oktoba ya tisini na tatu redio ikatangaza kwamba kule Burundi rais ameuawa, na damu imeanza tena. Makazi yote yakawa kama msiba mmoja. Watu walikusanyika penye redio, wakasikiliza majina ya tarafa walizozaliwa. Jumatano iliyofuata Donatille hakutegemea mtu. Walikuja wengi kuliko siku zote, hata wasiowahi kuja, wakasimama ukutani bega kwa bega, wengine nje kwa kukosa nafasi. Donatille akaanza kuvuta pumzi kwa sauti ili wamfuate, na wakamfuata, kundi zima, juu, chini, mpaka jua likateremka. Eufrazia alikuwepo. Bibi Spès hakuwepo. Alikuwa amekaa nje ya kibanda chake, umbali wa kusikia, ameziba masikio kwa viganja.

Kama mambo yangebaki hapo, ingekuwa hadithi nyingine. Lakini jina la Mjerumani lilikuwa limeshafanya kazi yake. Vinywa vya Litapunga havikuweza Pilates. Vilisema Pilato. Wanawake wenyewe walikuwa wanaaga nyumbani, "Nakwenda kwa Pilato mara moja," wakicheka. Aliyekuwa hacheki ni katekista Kalisti.

Kalisti alikuwa mtu wa kunyooka, lakini si kwa maana ya Donatille. Kwaresima ya tisini na nne akasimama mbele ya waumini, akauliza, "Kila Jumapili tunasali hapa, akateswa kwa mamlaka ya Ponsyo Pilato. Ni kweli au si kweli?"

Ni kweli, wakajibu.

"Sasa nielezeni nyie akina mama. Jumapili mnamlilia Bwana, Jumatano mnakwenda kwa huyo huyo aliyemhukumu. Mnalala chali gizani mnapumua pumzi za ajabu. Huyo roho mnayemvuta ndani ni roho gani?"

Donatille alisimama pale pale kanisani. Akasema Pilates ni mtu mwingine, Mjerumani, hana habari na Biblia. Kalisti akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Na Mjerumani huyo alibatizwa?" Donatille hakujua. Kanisa likacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomaliza.

Wanaume walilichukua pale Kalisti alipoliachia. Kilabuni walimwita Egide "Bwana Pilato". Walimwambia, "Mkeo anawafundisha wake zetu kulala chali na kupanua miguu. Kwani sisi tulishindwa wapi?" Egide alicheka nao mara ya kwanza. Mara ya pili akaondoka kabla kibuyu hakijaisha. Alikuwa mtu anayeweza kusukuma baiskeli kutoka Litapunga hadi Mpanda bila kulalamika, lakini kuchekwa hakukuweza.

Jumatano moja mchana, kabla wanawake hawajafika, Donatille alikuta mikeka yote imetolewa bani, imerundikwa uani, inawaka. Egide alikuwa amesimama pembeni na fito mkononi, anaisukumiza ndani ya moto.

"Baba Ernestine, unafanya nini?"

"Nafanya usafi."

"Wewe ndiye ulinipeleka kule. Kwa miguu yako. Umesahau nilivyokuwa?"

"Nilikupeleka upone," Egide akasema bila kumtazama. "Umepona. Sasa rudi kuwa mke wa mtu."

"Nichague kati ya wewe na bani?"

"Hilo umelisema wewe."

Donatille alitazama mikeka yake inavyojikunja. Angeweza kunyamaza. Mama yake, aliyekuwa anaangalia kutoka mlangoni mwa kibanda, alikuwa anamwombea anyamaze. "Wanawake wakija," akasema, "nitawasimamisha ukutani. Ukuta hauungui."

Egide hakumpiga. Alitupa fito motoni, na kabla mvua hazijaanza alikuwa ameshahamia Ugalla kwenye mizinga ya nyuki ya shemeji yake. Mwaka haukupita, habari zikafika kwamba ameoa binti wa huko, anaitwa Sikujua. Ernestine alimwuliza mama yake kama baba atarudi. Donatille akamwambia ukweli, kwamba hajui, akaenda kupalilia.

Mwaka uliofuata Mama Lisbeti akaitwa kwao. Aliagana na Donatille kwenye steshini ya Mpanda, treni inapiga honi. Alikuwa amewaomba wakubwa wa misheni wamwajiri Donatille kwenye chumba kile. Msimamizi, Bwana Gaudensi, alimpokea vizuri, akampa kiti.

"Kazi yako naifahamu, mama. Hata mke wangu ulimtibu. Lakini wewe ni mkimbizi, na huna cheti. Nikikuajiri wataniuliza mimi."

Chumba cha viungo kikawa stoo ya saruji. Kile kioo kirefu kilipasuka katika kuhamisha vitu.

Basi akabaki na bani lake na wanawake wachache ambao hawakumwogopa Kalisti, au walimwogopa wakaja hivyo hivyo. Kanisani alikaa mlangoni, mahali pa zamani pa Libérate. Alilima peke yake. Alilala peke yake. Jumatano mchana, kwa saa ile moja, alikuwa na kila kitu, na likizama jua alikuwa anaviona tena vile asivyokuwa navyo.

Ilikuwa kiangazi cha tisini na saba mkokoteni wa ng'ombe uliposimama nje ya uwanja wake. Mwenye mkokoteni alikuwa mfugaji wa Kisukuma, jina lake Sylvanus, na nyuma, juu ya majani, alikuwa amelala mtu chini ya blanketi. Msichana mwenye mimba akateremka, akapiga magoti kwenye vumbi.

"Shikamoo, dada. Mimi ni Sikujua. Nimemleta. Alianguka kutoka juu ya mti akirina asali, miguu haimtii. Anasema ni wewe tu."

Donatille alisogea mkokotenini. Egide alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa, anatazama mbingu.

"Mrudishe huko alikotoka," Bibi Spès akasema kutoka nyuma. "Si alishafanya usafi?"

Ilikuwa Jumatano, na wanawake walikuwa wameanza kufika. Donatille aliwatazama, akautazama mkokoteni, akaingia bani, akafundisha kipindi chake chote kama kawaida. Egide aliachwa juani. Aliyasikia yote kutoka pale alipolala, ile sauti na zile pumzi. Kipindi kilipokwisha Donatille akatoka.

"Mshusheni," akasema. "Si nyumbani. Bani."

Kwa rehema za Mungu uti wa mgongo haukuwa umekatika. Ulikuwa umeumia tu, na mwili umejifunga kwa woga. Donatille aliliona hilo kwa viganja vyake siku ya kwanza. Akaanza kama alivyoanziwa yeye.

"Pumua."

"Napumua."

"Umeshika. Achia, Baba Ernestine. Hakuna anayekucheka hapa."

Miezi ile yote Sikujua alipika kwenye jiko la Donatille na akazaa kwenye chumba cha Donatille, Donatille akiwa mkunga. Kila asubuhi Donatille aliingia bani. Alimwinua Egide pingili moja moja. Alimshika kiunoni, mahali alipokuwa hajamshika kwa miaka, na polepole, bila kukusudia, kitu kikaanza kumrudia. Egide alikuwa anamsimulia habari za nyuki. Alikuwa anacheka. Siku alipopiga hatua ya kwanza alimwegemea begani, akamwambia, "Sikuwahi kujua mikono yako iko hivi." Libérate alimwona siku moja amepaka mafuta nywele, amevaa kanga mpya siku isiyo ya ibada.

"Mwenzangu," Libérate akasema, "angalia."

"Naangalia nini?"

"Haya mafuta."

Egide akatembea hadi mlangoni. Akatembea hadi barabarani. Mahindi yalipokomaa akaweza kukata kuni. Na asubuhi moja Donatille alipoingia bani alimkuta amekunja blanketi lake, amesimama wima, kofia mkononi. Nje Sikujua alikuwa amembeba mtoto, na mkokoteni wa Sylvanus ulikuwa unangoja.

"Mizinga haiwezi kukaa muda wote huu bila mtu," Egide akasema.

"Ni kweli. Haiwezi."

Alimtazama mkewe wa kwanza usoni, kwa heshima ya kweli, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Asante sana, mwalimu," akasema.

Kwa miaka yote ile Donatille alikuwa ametamani neno hilo litoke kinywani mwake. Lilipotoka lilikuwa linaaga.

Jumapili Kalisti alimshukuru Mungu mbele ya waumini kwa kumponya ndugu yetu Egide kwa nguvu ya sala. Watu wakapiga makofi. Donatille naye, pale mlangoni, akapiga.

Bibi Spès ndiye aliyemkuta Jumatano mchana, amekaa chini kwenye kona ya bani, magoti kifuani. Hakuwahi kukanyaga mle ndani. Hata siku hiyo alisimama kizingitini, fimbo mbele.

"Umemnyoosha akaenda," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ungejua angekwenda, ungemwacha?"

Donatille alifikiri. "Hapana."

"Basi usinililie mimi." Lakini hakuondoka mara moja. "Wenzako wanakuja," akasema mwishowe, akageuka kurudi kwenye kibanda chake.

Walikuja kweli. Walijipanga ukutani, wakangoja. Donatille akasimama mbele yao kama siku zote, akafungua mdomo awaambie wavute pumzi, sauti ikakataa. Akajaribu tena. Wanawake walikuwa wanamtazama. Hapo Libérate akatoka pale mlangoni, akaja mbele, akamshika mkono akamsogeza ukutani, kati ya Eufrazia na mwanamke mgeni, akamgeuza mgongo uguse matofali.

"Haya," Libérate akawaambia. "Ndani."

Donatille akavuta pumzi pamoja na wengine.